Kila Akifika Kwangu Alikuwa Amefunga

Hapana admin, sina hasira ya kupiga mtu. Niko na ile ya kuketi tu unaangalia ukuta. Ficha jina, Isiolo ni ndogo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Chechelesi. Shule niliwacha darasa la tano, mwalimu akashukuru Mungu. Kazi yangu ni kuyeyusha skrepu, injini kuukuu, vitu ya betri, namwaga kwa mchanga inatoka sufuria. Mama wengi hapa wanapikia sufuria yangu. Hata kwangu tulikuwa tunapikia hiyo hiyo.

Mwaka jana akakuja dada wa chuo kikuu, Mwislamu mwenzetu, anafanya utafiti vile moshi na vyuma ya mjini inaingia kwa mwili ya watu. Akanitoa damu, akatoa na ya binti yangu wa miaka minne. Akakwangua sufuria, akabeba ule unga. Tukazoeana. Mimi namuita Daktari, yeye ananiita kaka. Nikamuonyesha kazi yote.

Alikuwa anakuja Jumatatu na Alhamisi. Mke wangu akipakua chakula, "Dada, karibu." Yeye, "Nimefunga, dadangu." Saumu ya sunna! Mke wangu ananigeukia, "Umeona mtu wa dini? Wewe hata Ramadhani tunakuchunga kama mbuzi." Nikachekwa kwangu mwenyewe. Na binti yangu ako hapo mbele yake, anakwangua ukoko kwa sufuria, yeye anaandika tu.

Sasa Alhamisi imepita, saa nane mchana, naingia hoteli karibu na soko ya mifugo, namkuta na sahani ya pilau. Nikacheka, "Daktari, leo jua imezama mapema?"

Hakucheka. Akaweka kijiko chini, machozi ikaanza.

"Kaka, sufuria zako ziko na sumu, ile ya betri. Iko kwa damu yako. Ya mtoto ni nyingi kuliko yako."

"Ulijua lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa kuja kwako."

"Na ukanyamaza?"

"Mkubwa wangu alisema mkijua mtabadilisha sufuria, utafiti iharibike. Tungewaambia mwisho."

"Mwisho ya nani?"

Wallahi, huyo msichana nilimpatia kiti yangu.

Mtoto nimepeleka hospitali, wametoa damu tena, tunangoja. Mke wangu nimemwambia ni malaria. Sufuria nimetoa zote kwa nyumba, nikasema zimetoboka. Yeye bado anamwombea Daktari dua. Nikisema ukweli, ataniuliza nimelisha mtoto nini hii miaka yote, na biashara imekufa. Nikinyamaza, sina tofauti na huyo dada.

Mimi nimechanganyikiwa, mnaniambia nini? Lakini kabla mnitukane, tufanye dili. Wewe uko Isiolo ulinunua sufuria ya kumwagwa kwangu, unanijua, yule wa kelele mingi. Leo usipikie. Niletee. Nitakupatia jiko ya bati mpya, bure, hiyo haigusi chakula. Wewe kazi yako ni moja, peleka mtoto apimwe damu. Matusi pia utanipatia, nitapokea yote. Lakini nipe mpaka Ijumaa, nimwambie mke wangu kwanza.