Talanoa Bure, Saa Nane Mchana

Mwaka 2017 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili Johannesburg, na nilikuwa najiona sana. Utafiti wangu ulihusu wanawake waliohamia mjini: wanawaambia nini mama zao waliobaki nyumbani, na wanawaficha nini. Nilikuwa na dodoso lenye maswali thelathini na moja ndani ya faili la bluu. Nililipeleka Yeoville, mtaa wenye Wakongomani wengi, kwenye saluni ya mama mmoja wa Bukavu, nikitegemea Kiswahili changu cha Nakuru kinifungulie mlango. Mlango ulikuwa wazi, mdomo ndio uliofungwa. Unamwambia nini mama yako? Iko sawa. Unamficha nini? Iko sawa. Nilitoka pale na kurasa tatu za iko sawa.

Muhula huohuo idarani kwetu alifika profesa mgeni, mama wa makamo kutoka visiwa vya Tonga, huko Pasifiki. Alitufundisha jinsi watafiti wa kwao wanavyofanya kazi na watu wao. Dodoso unaliacha nyumbani, unakwenda na kitu mkononi, mnakaa chini, mnazungumza, na wewe mtafiti unatoa ya kwako kama wenzako wanavyotoa ya kwao. Inaitwa talanoa. Tala ni kusimulia, alisema, na noa ni hivi hivi, bila kupanga. Niliipenda palepale, hasa hapo pa bila kupanga, na kwa wiki moja nikawa nimeiandikia sura nzima ya tasnifu.

Aliposoma hakufurahi. Aliniambia kwa upole kwamba njia ile ina wenyewe, na haichukuliwi tu kwa sababu ya kwangu imenishinda. Angekuja Yeoville kujionea. Akikuta sijaelewa, sura itaondolewa, na bila sura hiyo sikuwa na tasnifu yoyote ya kuwasilisha.

Basi nikajiandaa. Nilinunua mkeka, mikate na soda. Dodoso nililificha chini ya mikate, endapo mambo yangeharibika. Kisha nikabandika tangazo kwenye mlango wa saluni, kwa herufi kubwa: JUMATATU SAA NANE MCHANA, TALANOA. WOTE KARIBUNI. NI BURE.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwanza neno hilo litasomwaje na Wakongomani. Kwa Kilingala, tala ni tazama. Kwa Kiswahili, noa ni noa. Mtaa mzima ulielewa kwamba anakuja mtu wa kunoa vitu, njooni mtazame, na hatozi kitu.

Mimi na profesa tulipofika Jumatatu hiyo, foleni ilikuwa imepita spaza, kile kiduka cha jirani. Fundi cherehani alikuwa na mikasi minne. Muuza nyama alikuja na panga, na watu walikuwa wamemwachia nafasi ya kutosha. Bibi mmoja alishika kisu cha mkate chenye meno, ambacho hata mimi nilijua hakinolewi. Mwenye saluni alisimama mlangoni na beseni la mikasi, akaniuliza mashine iko wapi.

"Mashine gani, mama?"

"Ya kunoa. Njo vile uliandika kwa mlango."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilianza kumweleza profesa kwa Kiingereza, huku nikiwatupia lawama wasomaji wa tangazo. Hakunisikiliza hata nusu. Aliitazama foleni, akauliza kama kuna jiwe. Fundi cherehani alikuwa nalo. Profesa akavua viatu, akakaa mkekani, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kunoa. Kwao alikuwa akinoa mapanga ya shamba tangu utotoni. Mimi nilipewa kazi ya kumwagia jiwe maji, na nilinuna waziwazi.

Waliosubiri zamu wakakaa chini, wakala mikate, wakaanza kuongea. Muuza nyama alisimulia harusi yake mpaka tukaumwa mbavu. Mwenye saluni alikaa karibu yangu, na mimi, kwa ile tabia yangu, nikamrushia swali langu la zamani: anamwambia nini mama yake?

"Weye unaulizaka tu, mdogo yangu," akasema. "Weye mwenyewe unamuambiaka mama yako nini?"

Nilimgeukia profesa aniokoe. Alikuwa anajaribu mkasi kwenye kipande cha kitambaa. Uso uliniwaka kwa aibu, lakini nilisema. Nilifeli mwaka wa kwanza wa uzamili nikaurudia, na mama yangu nilimwambia nimeshamaliza masomo. Alichinja mbuzi. Alitoa shukrani kanisani, akiwa na kwaya nzima nyuma yake.

Mwenye saluni alicheka mpaka akajifuta macho kwa taulo ya mteja. Kisha akashusha sauti. Mama yake kule Bukavu anajua binti yake ni muuguzi. Kila mwezi binti anamtumia picha amevaa koti jeupe la saluni, na lile dude la kukaushia nywele lililo nyuma yake amemwambia ni mashine ya kupima vichwa.

Nilimwuliza kama ninaweza kuiandika habari hiyo.

"Andika. Lakini andika na ya kwako, ikuwe mbele."

Nilimtafsiria profesa, naye akasema sura ibaki. Nilifurahi mpaka nilipofika nje, ndipo nikaelewa nilichokubali: kitabu chenye jina langu na uongo wangu, ukurasa wa kwanza. Nikampigia mama palepale kando ya barabara kabla sijaingiwa na woga. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya mbuzi.

"Nilijua," akasema. "Tangu umalize masomo, umenipigia mara tatu nikuombee upite mtihani. Na zote tatu nimeomba."