Jeni ya Mtama wa Bibi

Mtafiti wa mtama alikuwa na mikono ya mkunga: kila jani changa alilishika kwa ncha za vidole, akalipuliza vumbi, akalilaza kwenye barafu huku akilibembeleza. Akifurahi, alipaza sauti kama anayeita ng'ombe. Mwaka ule wa ukame, kijiji kizima cha Mwakitolyo ni mtama wa bibi mmoja tu uliobaki kijani, bibi ambaye macho yake mekundu yalishaanza kusemwa kuwa ya kichawi. Mke wa mwanawe, Vaileth, mama wa Meshack, alimfuata mtafiti roho mkononi.

“Humu mna jeni inayoziamsha nyingine zote!” mtafiti akapaza sauti.

Vaileth alisikia jini. “Punguza sauti, baba, nakuomba.”

Mtafiti akarudia, kwa nguvu zaidi. Ng'ambo ya ua wa minyaa, majembe yakanyamaza.

“Mama Meshack,” jirani akaita taratibu, “kumbe bibi anafuga jini?”