Mchanga wa Darasa la Kwanza

Kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Bendera ilikuwepo, ofisi ya mwenyekiti ilikuwepo, shule ya miti na nyasi ilikuwepo, na mashamba ya tumbaku yalipimwa kwa kamba yakanyooka. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mbugani, kwenye visima vya babu zao, wakapangwa kando ya barabara ng'ambo ya Kwihara ili huduma ziwafikie. Tuliambiwa huduma ziko njiani. Basi akina mama wakawa wanatoka alfajiri na ndoo zao, wanarudi kule kule walikotolewa, wanateka maji kwenye visima vilevile. Jambo hilo linanichemsha damu mpaka leo, wala simwombi mtu radhi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Siku moja bwana afya alikuja kwa baiskeli kutoka Tabora mjini, akatuagiza tuwafundishe watoto huduma ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi, akasema, akanywa uji wetu, akaenda zake. Mimi somo nililipenda. Wale watoto walikuwa wanajikata na majembe, wanachomwa na miiba, wanaanguka mitini, na hospitali iko mjini. Nikawafundisha kubana jeraha kwa kitambaa na kumlaza aliyezirai. Ikaja zamu ya kuungua: mwagia maji baridi, mengi, usiache. Nikaenda kwa mwenyekiti kumwomba debe moja la mazoezi.

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Mwalimu, kiangazi hiki? Maji ya pipa ni ya kitalu cha tumbaku. Miche ikifa, kijiji kimekufa. Wafundishe kwa mchanga."

Haya, ningefanyaje? Nikawajazia vikopo mchanga laini, nikasema, "Haya ndiyo maji yetu." Wakafurahi kweli kweli. Mmoja anaangua kilio cha uongo, mwingine anakuja mbio na kopo anammwagia mkono, darasa zima linacheka. Msichana mmoja aliwashinda wote, kadogo, kepesi, ukikaambia jambo mara moja kamekwisha kulishika. Alizoea kuja na mdogo wake mgongoni, mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, maana mama yao alishinda kitaluni akimwagilia miche. Nilimruhusu. Ningemfukuza aende wapi?

Asubuhi hiyo uji wa shule ulikuwa unatokota nje, kwenye mafiga. Mimi niko ubaoni, mtoto ametambaa mlangoni, hakuna aliyemwona. Nikasikia ukelele. Kutoka nje, lo! Sufuria limepinduka, uji wa mtama umemganda kifuani na mkononi.

Kabla sijamfikia, dada yake alikwisha fika. Hakulia, hakukimbia. Alichota mchanga kwa kopo akammwagia, akachota tena, akammwagia. Wenzake nao wakaja mbio na vikopo vyao, kila mmoja kwa zamu, bila kusukumana, kama nilivyowazoeza. Mtoto analia, jamani, mpaka sauti inakatika.

"Maji!" nikapiga kelele. "Leteni maji!"

"Ndiyo haya, mwalimu," wakanijibu, wakaongeza.

Nikamnyakua mtoto, nikakimbia naye kitaluni, nikamzamisha ndani ya pipa hadi shingoni. Mlinzi wa kitalu akafungua mdomo. "Thubutu!" nikamwambia. "Thubutu useme neno moja!" Akaufunga. Mama wa mtoto akainuka katikati ya matuta, kopo la kumwagilia mkononi, hajui bado yule ni wa nani. Alipomtambua alikaa chini palepale kwenye miche. Tukaanza kumwosha. Mchanga ulikuwa umeshikamana na uji, uji na ngozi, na ukitoa kimoja kinatoka na kingine. Nikawa namwomba Mungu kwa sauti kubwa, mimi ambaye kusali kwangu kulikuwa kwa kuvizia.

Tulimpeleka mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tulipita ile njia ya misafara ya zamani, ile tunayoisifia sana darasani. Siku ile ilikuwa njia mbovu tu yenye mashimo, na kila shimo mtoto alilisikia. Njia nzima niliwapigia ng'ombe kelele kana kwamba wao ndio waliotuhamisha. Hospitalini muuguzi alifunua kanga, akatazama, akaifunika tena taratibu. Hakuniuliza mchanga umetoka wapi. Kidonda kikatunga usaha, homa ikapanda, wala wiki haikuisha. Tukamzika kijijini, kwenye makaburi mapya.

Baada ya matanga mama yake alikuja kwangu, amemshika msichana mkono. Nilijua amekuja kunitukana, na nilitaka nitukanwe. Hakunitukana.

"Mwalimu," akasema, "huyu hali, halali. Anasema amemuua mdogo wake. Mimi nikimwambia sivyo, haniamini. Wewe ndiye mwalimu. Mwambie."

Nikapiga magoti, uso wangu ukalingana na wake. Nikamwambia alifanya sawasawa. Nikamwambia mchanga tuliuleta mimi na mwenyekiti, siyo yeye, na kwamba siku ile hakuna mkubwa hata mmoja aliyefika kabla yake. Nilisema mengi, maana nilikuwa naogopa kunyamaza. Yeye alikuwa anatazama chini, anachezea pindo la gauni lake. Nilipomaliza akainua uso.

"Alikuwa hanyamazi, mwalimu," akasema. "Ndiyo maana nikawa namwongezea."