Njia ya Nizi kwa Baiskeli

Mafuta ya mawese yakipigwa na jua juu ya chuma hutoa harufu nzito, tamu kidogo, kama ya sufuria iliyosahauliwa mekoni. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu Nyakasanza kiangazi kile chote, kwa sababu mafuta ya mashine hayakupatikana Bunia, na mjomba wangu Deo aliupaka mnyororo wa baiskeli yake mawese asubuhi na jioni. Tuliambiwa vita vimekwisha. Askari wa kigeni walisimama kwenye njia panda, soko likafunguliwa, lakini kila mtu alijua ni barabara ipi isiyo yake. Ndipo redio ikatangaza mashindano ya baiskeli ya siku tatu: ya kwanza Bogoro na kurudi, ya pili kwenda Nizi na kulala huko, ya tatu kurejea mjini. Magari ya ulinzi yalikuwa machache, kwa hiyo ni wale tu ambao wangetangulia siku ya kwanza ambao wangeruhusiwa kwenda Nizi.

Mama hakujali kombe. Baba alikuwa Nizi akichimba dhahabu vita vilipofika huko, na tangu hapo hatukumpata aliyemwona akikimbia wala aliyemwona akianguka. Katika ukoo wetu matanga hayakaliwi bila shahidi. Asiyekuwepo na lake halipo. Baba hakuwa hata na kifo chake. Kisimani, baadhi ya wanawake walimpa mama pole ya ujane, wengine wakamtania kwamba bwana amepata mke mwenye dhahabu, naye aliwajibu wote kwa kuinua ndoo yake na kuondoka. Watu wa upande wetu hawakuthubutu kupita njia ya Nizi. Sasa Deo, mdogo wake mama, angepita akilindwa, angelala huko usiku mmoja na kuuliza.

Deo aliishi kwa kubeba makaa, magunia matatu kwa safari. Siku ya mbio majirani walimzunguka wakicheka.

“Deo, funga hata gunia moja ya makala! Bila muzigo utaruka kama kuku!”

“Nyinyi mutacheka,” akasema. “Miye nitakula kuku Nizi.”

Mama alinishika mkono tukaenda mwisho wa mji, kwenye njia ya Bogoro, tumsubiri akirudi. Mahali pale palikuwa na kizuizi wakati wa vita: gogo, kamba na vijana wenye bunduki. Mwenye baiskeli alishuka mbali, akavua kofia, akaisukuma taratibu mpaka ng'ambo. Aliyepita juu ya baiskeli alipigwa risasi, na tuliwajua waliopigwa. Gogo lilikuwa limekwisha kuondolewa. Palibaki barabara nyekundu na vumbi, na mbele kidogo mstari wa kumalizia mbio.

Jua lilipokuwa utosini watoto walipiga kelele: wanakuja! Deo alikuwa miongoni mwa wa mbele kabisa, shati limeganda mgongoni. Mama akaanza kuruka. Kisha, hatua chache kabla yetu, Deo akashuka. Akavua kofia. Akainamisha kichwa, akaisukuma baiskeli taratibu. Wabeba mizigo wenzake waliokuwa karibu naye walishuka vilevile, mmoja baada ya mwingine, kama watu waingiao kanisani. Mazoea yana taabu.

“Panda!” mama alilia. “Deo, panda! Hapana mutu hapa!”

Hakuna aliyecheka. Kando yetu wazee wawili walikuwa wamevua kofia zao. Vijana wa nyuma, ambao hawakuwahi kubeba mzigo barabarani, walipita kwa kishindo, kundi zima, wakitutia vumbi machoni. Deo aliinua kichwa akiwa ng'ambo, akatazama nyuma, akatutazama sisi. Alipopanda tena, nafasi za Nizi zilikuwa zimekwisha.

Mama hakumlaumu. Alikwenda moja kwa moja kwa kijana mmoja aliyefuzu, aliyekuwa amekaa chini akinywa maji, akamtajia jina la baba.

“Mwanangu, uniulizie huyu mutu mumoja tu.”

Kijana alitazama huku na huku kabla ya kujibu. “Mama, hata miye kaka yangu alipoteaka kule. Sitauliza. Nikitaja jina, watajua miye ni mutoto ya nani.”

Mama alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge chake, kisha tukarudi nyumbani. Kesho yake waendeshaji walikwenda Nizi, wakalala, wakarudi, na mshindi akapewa kombe. Hakuna aliyeleta neno.

Leo ninaishi mbali na Bunia. Simu inaita Nizi kwa dakika moja, ila hatuna namba ya kupiga. Na barabara ile imefunguliwa na kufungwa mara nyingi hata nimeacha kuuliza. Mama amezeeka. Husikii msiba Nyakasanza asiouendea. Hukaa mkekani tangu siku ya kwanza mpaka matanga yaanuliwe, naye hulia kuliko wenye msiba. Mara ya mwisho niliporudi nilimsindikiza kwenye matanga ya mtu ambaye sidhani aliwahi kumsalimu. Msichana mmoja wa nyumba hiyo aliniinamia, akaninong'oneza: “Mama yako alimupenda sana marehemu.” Nikamwambia ndiyo, sana.