Maharage ya Somo la Nyangeta

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu niliyoipata mbele ya darasa zima mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso na kanga.

Miaka ile ya shida, sabuni tunaisikiaga tu kwa wenye bahati, binti yangu Nyangeta alikuwa ndiyo ameanza kufundisha fizikia hapa Bunda, tunakaa wote Nyasura. Siku hiyo mkaguzi anatoka Musoma kumwangalia anavyofundisha, na akimkataa, kazi hana. Nyangeta akaacha mezani ungo una maharage mekundu na meupe (dada yangu alitutumia kutoka Butiama) yamepangwa mafungu mafungu, pembeni punje za ulezi, akatoka mbio akisema, "Mama, mgeni akishafika niletee hayo maharage."

Sasa nani kwetu anampelekea mgeni maharage mabichi? Ulezi nikawamwagia kuku, maharage yote nikayabandika, yalipoiva nikajitwisha sufuria na upawa wake mpaka shuleni, najisifu njia nzima.

Nikapiga hodi darasani. Nyangeta akapokea kwa furaha, akafunua mfuniko, mvuke ukampiga usoni.

"Mama, umeyapika?"

"Sasa mgeni ale mabichi?"

Darasa likaangua kicheko, na mkaguzi kule nyuma akavua miwani akafuta machozi. Nikafunika uso na kanga.

Lakini mtoto wangu yule (acheni nimsifu) hakulia wala hakunigombeza. Akachota na upawa, akasema kiini cha atomu kimejaa vitu vya namna mbili, protoni, ndiyo haya mekundu, na nyutroni, ndiyo meupe, na kuna viini visivyotulia. Kingine kinatupa nje protoni mbili na nyutroni mbili kwa pamoja. Kingine nyutroni yake moja inageuka protoni, halafu elektroni, ndogo kama punje ya ulezi, inaruka nje. Hesabu ya protoni ikishabadilika, akasema, hicho si kitu kile tena, ni elementi nyingine yenye jina lake. (Alinieleza tena nyumbani mpaka nikashika.) Kisha akainua harage jeupe, limeshaingia wekundu wa wenzake.

"Hili limegeuzwa rangi na moto wa mama yangu. Kiini hakingoji moto. Hata ukichemshe kutwa, hukiharakishi. Kinageuka chenyewe, na hakuna anayejua kipi kitatangulia."

Mkaguzi akaandika, akaandika, halafu akaomba sahani, akala, akaongezewa, na Nyangeta kazi akaipata.

Jioni niliwaita wote wa nyumbani, na baba yao akiwemo, nikawaambia: kitu chochote Nyangeta alichokipanga kwenye ungo kisiguswe, hata mgeni ashinde njaa, na siku mkaguzi akija tena, mimi nifichwe kiberiti.