Kistari cha Bwana Diploma

Admin, ficha jina langu. La huyu mpuuzi nitakayemsema lifiche pia, ingawa halistahili heshima hiyo. Mimi nitamwita Bwana Diploma, maana ndivyo anavyojitambulisha hata kwa muuza ndizi.

Mimi ni mama wa miaka 34, mtoto wa Uvira kule Kongo, naishi Bertrams hapa Joburg na wanangu wawili. Huu ni mwaka wa sita nafanya kazi kwenye karakana moja hapa Jeppestown, tunatengeneza krimu za nywele za kuuzia masaluni. Kazi yangu ni kuingiza fomula kwenye kompyuta, kuprinti na kupeleka karatasi kwa wachanganyaji. Mkubwa wao ni Mama Neema, Mrundi, mjane wa miaka hamsini na kitu. Nilipofika Joburg sina hata blanketi, yeye ndiye alinilaza chumbani kwake miezi minne bila kuniuliza nitaondoka lini.

Bwana Diploma ni mpwa wa patron, yaani bosi mwenye karakana. Ameletwa mwaka huu wa 2017 eti kutuweka kisasa. Viatu vinang'aa, manukato yanatangulia kuingia mlangoni kabla yake, na chumba cha kuchanganyia hajawahi kukanyaga kwa sababu kinanuka. Kinanuka kazi, kitu ambacho pua yake haijazoea.

Siku moja akatazama jedwali langu la Excel, akakunja uso. Katika kila kilo moja ya krimu kuna vitu tunaweka kidogo mno. Dawa ya kuzuia ukungu, kwa mfano, ni kilo 0.008, yaani gramu nane. Namba hizo zina sifuri nyingi, na sifuri zilimkera bwana mkubwa.

"Sister, hii inaonekana ya kienyeji," akaniambia.

Akakaa kwenye kiti changu, akafungua mahali pa kupanga namba zionekane vipi, akaandika amri aliyoiokota kwenye video: chochote kilicho chini ya 0.01 kionekane kama kistari. Akabonyeza. Namba zote ndogo zikageuka vistari, vimejipanga vizuri kama wanafunzi mstarini. Akajipigia makofi. Kweli alijipigia makofi, mtu mzima na ndevu zake.

Nilibofya penye kistari cha dawa ya ukungu, na juu kwenye mstari wa kuandikia nikaona 0.008 bado ipo. Ndani ya kompyuta haikupotea kitu. Lakini Mama Neema hasomi kompyuta, anasoma karatasi ukutani. Na kwetu, tangu enzi za kadi za kuandika kwa mkono, kadi moja ilikuwa na majina ya vitu vyote, na kile kisichohitajika patron alikipigia kistari. Kistari maana yake usiweke. Hata mfagiaji anajua. Asiyejua ni mwenye diploma peke yake.

Nikamwambia, "Kaka, kule chini kwa wachanganyaji kistari kitasomwa vingine."

Hakunitazama hata usoni. "Sister, weye uko mtu wa kuandika. Andika. Mambo ya kufikiri tuachie sisi. Sharp?"

Basi nikanyamaza, na kimya hicho ndicho kinanitafuna leo. Nilichukua nakala ya kwanza iliyotoka kwenye printa, nikakizungushia kistari kile duara kwa kalamu nyekundu, nikaandika tarehe pembeni, nikaitia kwenye faili langu. Moyoni nikasema acha aumbuke. Patron hupitia karatasi kabla ya krimu mpya kuchanganywa, na mimi nilitaka niwepo siku atakapogundua mpwa wake ni debe tupu.

Zikapita siku tisa. Patron akaenda msibani Durban, karatasi ikabandikwa ukutani bila kupitiwa. Krimu ilikuwa mpya, hakuna aliyeijua kwa kichwa. Mama Neema akafuata karatasi. Mimi nilikuwa ofisini juu, nasikia mashine inazunguka, nikaendelea kunywa chai.

Baada ya wiki chache wanawake wa masaluni wakaanza kurudisha ndoo. Ukifungua kifuniko, ukungu wa kijani. Patron akashuka chini anafoka, mimi na mpwa wake nyuma.

"Mama, dawa uliacha kuiweka kwa nini?"

"Patron, karatasi ilikuwa na kistari. Kistari tunaachaka, siku zote tunafanyaka vile."

Tukatazama ukutani. Karatasi imeandikwa 0.008, nyeusi, wazi kabisa. Asubuhi hiyo Bwana Diploma alikuwa ameshuka chini kwa mara ya kwanza maishani mwake, leso puani, kabandua ile ya zamani na kubandika mpya aliyoiprinti mwenyewe, namba zimerudishwa. Nilimwona kwa macho yangu.

"Eish, uncle, namba iko hapa," akasema kwa upole wa kinafiki. "Mama amezeeka tu. Macho yamekwisha."

Mama Neema akanigeukia. "Mwanangu, weye uliprinti. Niliona vibaya?"

Nikajibu, "Sijui, mama."

Mama Neema amerudishwa nyumbani, na Jumatatu patron ataamua kama anafukuzwa moja kwa moja. Nakala yangu ninayo, naiweka chini ya godoro. Nikiitoa, Diploma amekwisha. Lakini patron atauliza duara ni la nani na tarehe ni ya lini, na atajua nilijua siku tisa kabla nikaacha krimu yake ioze. Wanangu wanakula kwa kazi hii. Nimefikiria kuikata na mkasi. Tarehe inakatika, iko pembeni. Duara halikatiki, kistari chenyewe kiko ndani yake.

Mtanitukana, najua. Yule namdharau tangu siku ya kwanza, ila siku hizi nikijitazama kwenye kioo sioni kama nimemzidi sana. Msiniambie nimwachie Mungu, Mungu hakushika ile kalamu nyekundu.

Jana Mama Neema kanipigia simu. Anataka nimsindikize kwa daktari akapimwe macho. Nishaurini, nifanye nini?