Siku Nilipojifanya Mnormani Mtaani Makadara

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipojitangaza Mnormani katikati ya Makadara. Usicheke bado, utachoka mapema.

Baba yetu alikuwa amezikwa, na ukoo ulikutana nyumbani kuamua nani atashika bucha yake pale Soko la Burma. Mimi ndimi kifungua mimba wa nyumba ya ndoa, kidato cha nne nimemaliza, na kazi yangu kubwa ilikuwa kujilaza kwenye kochi nikisoma. Kisu cha bucha nilikijua kwa macho. Aliyekijua kwa mkono ni Rashidi, ndugu yangu wa baba, aliyezaliwa Majengo na mama ambaye baba hakumwoa. Miaka minne mfululizo ndiye aliyeandamana na baba Kiamaiko kuchagua mbuzi.

Basi nikasimama na kitabu cha historia. Nikawaeleza wazee kuwa zamani Wanormani walivuka bahari, wakaitwaa Uingereza, kisha wakaingia nchi jirani ya Welisi wakijenga ngome za mawe. Wawelisi desturi yao ilikuwa kugawa ardhi sawa kwa wana wote. Wanormani walimpa kifungua mimba wa ndoa kila kitu, na punde hata wakuu wa Welisi wakaanza kuwaiga.

"Hayo ndiyo maendeleo," nikasema, nikakifunga kitabu kama wakili.

Rashidi akainuka. "Bradhe, ngome yako iko wapi? Mimi Burma sitoki. Mzee alinishika mkono mbele ya hawa wazee akasema huyu ni wangu. Nitoe, kama una nguvu."

Nguvu sina, unanijua. Nikamtazama shangazi Nekesa, dada mkubwa wa baba, aniokoe.

"Msomi," akaniita, "hao Wawelisi, mtoto wa nje aliyekubaliwa na babake walimfanyaje?"

Kitabu kilikuwa mkononi, kudanganya kukanishinda. "Alirithi sawa na wenzake, shangazi."

"Na waliokuja na sheria ya kumtoa ni nani?"

"Wageni."

"Sasa katika nyumba ya kaka yangu, mgeni ni nani? Rashidi ama wewe?" Wazee wakacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka. "Mwacha mila ni mtumwa. Hao wakuu wa Welisi angalau walivamiwa. Wewe umejiteka mwenyewe, tena ukiwa kwenye kochi!"

Bucha ikawa yetu sote wawili. Wiki ya kwanza nilikata nyama ambayo Rashidi alisema hata paka wa Burma angeiuliza maswali.

Baadaye nilikisoma kile kitabu hadi mwisho, jambo nililopaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo. Wale wakuu walioiga, ndugu alimfunga ndugu gerezani, na adui akapita katikati yao. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kwa hiyo, mwanangu, sheria isikutishe eti kwa kuwa imejengewa ukuta wa mawe ama imepigwa chapa kitabuni. Iulize kwanza inamfukuza nani. Na yeyote akija na kalamu yake kukwambia nduguyo si nduguyo, kataa. Kama u mvivu kama mimi, kataa umeketi, lakini kataa.

Mungu akupe shingo ngumu mbele ya wenye ngome, na shingo laini mbele ya nduguyo.